Kigae Kimoja cha Nyumba Hamsini na Nane

"Hamsini na nane imeleta fomu?"

Msimamizi hakuinua kichwa. Alikuwa nyuma ya meza yake, ndani ya kontena walilolifanya ofisi, anachonga penseli kwa kisu na maganda yanamwangukia kwenye kitambi.

"Rula," akasema, "swali hilo umeniuliza kila Jumatatu, miezi sita. Jumatatu ya kwanza nikadhani kijana anapenda kazi. Ya pili nikadhani umesahau mwiko wako mle ndani. Siku hizi sidhani tena. Haijaleta."

"Angalia vizuri, bosi. Labda imechanganyika na themanini na tano."

"Themanini na tano ni bomba la bafuni, linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hamsini na nane hakuna kitu. Na leo ndiyo mwisho. Ikifika saa kumi jioni nafunga hili faili, kesho tunapakia vyombo, tunahamia mradi mwingine. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi mbona bado umesimama?"

Alisimama kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Watu wanadhani upweke ni kukosa watu. Uongo. Upweke ni kuwa na nyumba mia moja na ishirini mbele yako, nyingi umezipita chumba kwa chumba kwa magoti, na hakuna hata moja ambayo mwenyewe akikuona mlangoni atasema, aa, umerudi.

Zilikuwa nyumba za watu wa katikati. Si matajiri, si mafukara. Wale ambao mshahara ukija unaaga siku hiyohiyo, ila angalau unakuja: manesi, walimu, makarani, madereva wa makampuni. Nyumba zote rangi moja ya maziwa, milango yote ya kahawia, mbele ya kila baraza mche mmoja umefungwa kwenye kijiti kama mgonjwa na mkongojo. Zilifanana mpaka zinatisha. Wiki ya kwanza baada ya kugawiwa funguo, baba mmoja alirudi kazini, ufunguo ukakataa, akakaa barazani akimgombeza mkewe kupitia dirishani nusu saa nzima. Mwanamke wa ndani akamwacha amalize, kisha akamwambia, "Yote uliyosema ni kweli, lakini mimi si mkeo."

Rula mwenyewe hangepata nyumba pale. Walitaka karatasi ya mshahara, na fundi wa vigae halipwi kwa mwezi, analipwa kwa mita. Kinyozi hajinyoi. Jina la Rula walimpa mafundi wenzake, kwa sababu hakuweza kuona mstari uliopinda akanyamaza. Hata kwenye foleni ya chakula alikuwa anawanyoosha watu.

Sasa, kuhusu fomu. Kila mwenye nyumba akikabidhiwa funguo alipewa miezi sita ya marekebisho. Kikiharibika kitu, anaandika fomu, na fundi yuleyule aliyekosea anaitwa kurudia kazi yake bure. Jina lake liko kwenye faili, hakuna pa kujificha. Kwa hiyo mafundi wote waliomba Mungu wasiitwe. Rula peke yake ndiye aliyekuwa anaomba aitwe. Tena nyumba moja tu.

*

Mwenye hamsini na nane alikuwa dada mmoja. Alikuja Jumamosi moja, wakati nyumba haina hata milango. Mama yake alikuwa nyuma, amekusanya gauni mkononi lisiguse saruji. Rula alikuwa chini, sebuleni, anapanga vigae.

"Umempigia nani magoti?" yule dada akauliza.

"Sakafu yako."

"Imekubali?"

"Bado inajifikiria."

Akacheka. Kisha akachuchumaa kwenye kona, akafumba jicho moja, akauchungulia mstari wa vigae kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Hapa kimezidi," akasema.

"Kimezidi nini?"

"Unywele."

Rula akataka kubisha. Akaweka pimamaji, akavuta uzi, akaangalia. Kweli. Unywele. Miaka sita ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumwona akikosea unywele. Hapo ndipo alipokwisha.

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Maabara ya hospitali. Kutwa jicho liko kwenye darubini, naangalia damu za watu."

Basi jina likawa Darubini. Akaanza kuja kila Jumamosi, ati kukagua nyumba. Rula akamfundisha kugonga. Unachukua mpini wa mwiko, unagonga kigae katikati. Kilichoshika kinalia *ti*. Ambacho chini yake kuna hewa, gundi haikuenea, kinalia *ko*, na hicho siku moja kitapasuka. Darubini akajua upesi kuliko vibarua. Akawa hahitaji hata mwiko, anagonga kwa kisigino.

"Na wewe ukigongwa kifuani unaliaje?" akamwuliza siku moja.

"Gonga usikie."

Akagonga kwa vidole viwili, taratibu, akatega sikio kabisa kama daktari. "Ko," akasema. Walicheka mpaka wapaka rangi wa nyumba ya pili wakaja kuchungulia. Lakini mkono wake ulibaki palepale kifuani, na wote wawili wakaacha kucheka wakati mmoja.

Mapenzi hayafichiki, na mama wa Darubini hakuwa mtu wa kufichwa. Mumewe alikufa mtoto akiwa na miaka minne. Mama alimsomesha kwa cherehani, miguu ikivimba. Jumamosi moja akaingia kabla hajatarajiwa, akamkuta binti yake amekaa juu ya ndoo, anakula mkate mmoja na fundi.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kijana, shule uliishia wapi?"

"Njiani, mama."

"Umepiga sakafu ngapi humu?"

"Arobaini na tatu."

"Na ya kwako ni ipi?"

Rula akauweka mkate chini.

"Nakuuliza vizuri tu. Arobaini na tatu, ya kwako ni ipi?"

"Nimepanga chumba, mama."

"Wanaume wenzako magoti huwaishia uzeeni. Wewe unataka kuoa yakiwa yamekwisha tayari." Akamgeukia bintiye. "Mimi simkatazi mtu. Nyumba ni yako, jina ni lako. Ila siku huyu akiingia humu kama mtu wa nyumbani, mimi natoka na mto wangu. Chagua."

Darubini aliangalia sakafu. Aliiangalia muda mrefu, kama anatafuta unywele. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Usije tena, Rula. Tafadhali."

Na Rula, kichwa chake kigumu kile, hakubishana. Alikuwa amebakiza kigae kimoja tu nyumba ile, karibu na mlango wa jikoni. Alikiweka kesho yake, peke yake. Akafanya kitu ambacho fundi hafanyi. Akapaka gundi pembe nne tu, katikati akaacha hewa. Mkaguzi alipopita kugonga, kulikuwa na ndoo ya grauti, ule uji wa kuziba mianya ya vigae, imekaa juu yake.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Darubini atahamia. Siku ya kwanza tu atakanyaga pale, atasikia *ko*. Ataandika fomu. Nitaitwa. Hapo mama hawezi kusema kitu, nimeitwa kwa kazi.

Kwenye katoni ya rangi ile kilibaki kigae kimoja cha akiba. Vigae vya katoni nyingine havifanani, ukimpachika mgeni anaonekana kama jino la bandia. Basi Rula akakibeba chumbani kwake, akakiweka kando ya kitanda, akawa anawekea kikombe. Mwezi wa kwanza alijiambia, hajahamia vizuri. Wa pili, ana zamu nyingi. Wa tatu akaacha kujiambia. Akirudi jioni, chumba kimoja, msumari mmoja, shati moja, alikuwa anakigonga kile kigae kwa kidole, hivihivi bila sababu. *Ko*. Halafu analala.

*

Saa nane mchana alikuwa nyumba thelathini na mbili anaziba ufa wa grauti, aliposikia anaitwa kutoka kontena, sauti imepita barabara tatu.

"Rula! We Rula! Hamsini na nane!"

Aliacha ndoo palepale. Alifika anahema, msimamizi amenyoosha karatasi kama anamlisha ng'ombe.

"Imeletwa sasa hivi. Angalia usilie juu yake, itafutika."

Rula akaisoma. *Kigae karibu na mlango wa jikoni kina sauti. Kinanikosesha amani.* Akairudia. Mwandiko wa Darubini aliujua, mdogo, umelala, kama lebo za chupa za maabara. Huu ulikuwa mkubwa, umekandamizwa mpaka nyuma ya karatasi.

"Nani kaleta?"

"Mama mmoja mnene. Hakunisalimia vizuri."

Rula akakunja karatasi. Akaenda kwanza chumbani kwake, dakika ishirini kwa miguu, kuchukua kile kigae. Kikombe akakiweka chini, sakafuni.

*

Mama ndiye aliyefungua mlango wa jikoni. Wakaangaliana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilitokea puani. "Wewe umetumwa na nani?"

"Umeleta fomu."

"Nimeomba fundi."

"Anayekosea ndiye anayerudi, mama. Ndiyo kanuni yao."

Mama akafumba macho kidogo, kama mtu aliyejichoma na sindano yake mwenyewe. Rula akainama kufungua kamba za viatu.

"Usivue," mama akasema. "Wanaovua ni wageni. Wewe ingia na kazi yako."

Akaingia na viatu vyake. Jiko lilikuwa limepata watu sasa. Sufuria ukutani, kanga imekaushwa kwenye kiti, kalenda ya hospitali. Vikombe viwili tu kwenye kichanja. Kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, aliisikia saa ya sebuleni ikitembea. Akapiga magoti. Hakuhitaji kuoneshwa.

"Ni hicho hapo," mama akamwonesha hata hivyo. "Kinanitia wazimu."

"Kinalia ukipita?"

"Mimi nikipita najipitia zangu. Ni mwanangu." Akavuta kiti, akakaa, maana miguu yake haikumruhusu kusimama sana. "Kila asubuhi kabla hajaenda kazini anasimama hapo. Anagonga kwa kisigino. Ko. Anasubiri. Ko. Halafu ndiyo anachukua mkoba. Jioni akirudi hata hajavua koti, ko. Mwanzo nilidhani ni mazoea. Baadaye nikadhani ameingiwa na kitu. Nikamwambia, andika fomu waje watengeneze, akaniambia ataandika. Mwezi. Miwili. Miezi sita anaandika tu. Leo mwisho, nikasema naandika mwenyewe, ugonjwa huu uishe."

Rula alikuwa ameshika tindo. Mkono ulikataa kushuka.

"Mbona huanzi?"

"Naanza, mama."

"Kilikuwaje mpaka kikawa hivyo? Si mnasema wewe ndiye fundi wa kupimia unywele?"

Angeweza kusema saruji, au unyevu, au kiwanda. Mafundi hawakosi maneno. Akasema, "Nilikosea makusudi."

Mama akamtazama. Kabla hajajibu, ufunguo ukaingia mlango wa mbele. Nyayo zikaja. *Ti, ti, ti*, sebule nzima, kila moja Rula aliijua kwa sababu aliiweka yeye. Zikasimama mlangoni pa jiko.

Darubini alikuwa amekonda. Chini ya macho kulikuwa na vivuli viwili kama alama za vidole. Aliangalia tindo, akaangalia kigae, akaangalia kile kingine kilichoegemezwa ukutani. Rula alimwangalia usoni akasahau kila neno alilolitunza kwa miezi sita. Alikuwa ameyapanga kwa mistari. Yote yalipotea.

"Nani kakuita?" Darubini akauliza.

"Mimi," mama akasema.

"Mama! Nilikuambia nitaandika!"

"Ungeandika lini? Kaburini?"

"Acha hicho kigae," Darubini akamwambia Rula. "Usikiguse."

"Kina hewa, Darubini. Kitapasuka."

"Najua kina hewa! Unadhani sijui? Siku ya kwanza nimeingia na boksi kichwani nimejua. Nikasema Rula hakosei. Rula hakosei hivi. Huyu ameniachia neno."

"Sasa mbona hukuniita?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimesubiri fomu yako kama mgonjwa anayesubiri majibu! Kila Jumatatu naenda kuuliza mpaka watu wananicheka. Nikasema basi, amesahau. Anakanyaga tu, anapita."

"Nikuite uje ufanye nini?"

"Nitengeneze!"

"Haya. Utengeneze, uondoke, mimi nibaki na nini?" Akaushusha mkoba chini. "Una akili wewe? Kitu chako pekee kilichobaki humu ndani ni hiyo sauti. Ningeandika fomu, ungekuja nusu saa, ungeiua, ungeenda. Nikanyamaza. Nikasema bora nibaki na ko yangu."

Saa ya sebuleni ikatembea. Mama alikuwa ameushika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Na Rula akawaona wote wawili wazi kabisa, yeye kule chumbani na kidole chake, huyu hapa na kisigino chake, wakigonga kila mmoja upande wake kama wafungwa, na ukuta wenyewe wameujenga wao.

"Uliniambia nisije," akasema polepole.

"Nilikuambia mbele ya mama! Ungetaka niseme nini, naye amesimama pale anazungumzia mto wake? Nikasema atakuja. Kesho atakuja, keshokutwa atakuja, atamwamkia mama, atafukuzwa, atarudi tena. Wewe ukaenda kutega kigae. Rula, nyumba hii ina mlango. Mlango mzima wa mbao, uko barabarani, miezi sita. Hukuuona?"

Hilo lilimpiga. Mtu anaweza kukuita maskini, mjinga, mchafu, ukajibu. Lakini ukiambiwa kweli, unajibu nini? Kwa sababu mlango aliuona. Alipita mbele yake kila siku akienda nyumba za wengine. Aliona pazia la maua likitundikwa, akaona taa ya barazani, akaona mche ukitoa majani mawili mapya. Na kila alipofika usawa wa ile baraza alisikia, *ya kwako ni ipi?* na miguu ikaongeza mwendo. Alitaka aitwe. Mtu akiitwa haombi.

"Niliogopa," akasema.

"Nani?"

Rula akamwangalia mama wa Darubini. "Yeye."

Mama akakohoa. "Tengeneza kigae, kijana," akasema. Lakini sauti haikutoka puani safari hii.

*

Alikitoa kwa pembe. Kilipasuka vipande vitatu, na chini yake kweli kulikuwa na hewa, saruji kavu, safi kama sahani. Darubini alikaa kwenye kizingiti cha jiko, magoti kifuani, anaangalia kila kitu. Rula alikwangua gundi ya zamani. Akafagia. Akakoroga mpya, akaipaka na mwiko wa meno, ukingo mpaka ukingo, mistari imenyooka kama shamba. Alipohama upande, goti moja likateleza kwenye kipande chenye ncha, akauma meno. Kitone cha damu kikatoka kwenye suruali.

Kitu laini kikamwangukia mgongoni. Akageuka. Ilikuwa mto mdogo wa kiti.

"Weka chini ya hayo magoti," mama akasema, akiangalia dirishani. "Usije ukanichafulia sakafu."

Akaweka. Akakiteremsha kigae, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akapima. Akampa Darubini mpini wa mwiko. Darubini akafumba jicho moja, akauchungulia mstari. Kisha akagonga katikati.

*Ti*.

Hakuna aliyefurahi. Ilikuwa sauti nzuri, imara, na ilikuwa kama mtu amefunga mlango. Darubini alibaki ameinamisha kichwa, mpini mkononi, na Rula aliona chozi likidondoka juu ya kigae kipya. Akalifuta kwa kitambaa, kwa sababu maji hayatakiwi kwenye gundi mbichi, na kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Msikikanyage mpaka kesho," akasema. Akakifunika kwa kiti. Akatoa fomu. "Wanataka saini. Kwamba kazi imekwisha."

Mama akanyoosha mkono.

"Mwenye nyumba ni mimi, mama," Darubini akasema, akaichukua kalamu.

Rula alimwomba kimoyomoyo asisaini. Asiposaini, kesho atarudi. Atasema grauti, atasema ukingo, sababu hazikosekani. Kalamu ikaanza kukwaruza. Jina zima, herufi ndogo, zimelala.

"Haya," Darubini akasema, akimrudishia karatasi. Macho yalikuwa mekundu lakini hayakukwepa. "Fomu imekwisha. Miezi sita imekwisha. Sasa huna cha kuitiwa humu, Rula. Hata mimi sina cha kukuitia."

Akaingia chumbani kwake, akafunga.

*

Msimamizi aliipokea karatasi saa kumi kasoro dakika tano. Akaitoboa matundu mawili, akaiweka juu kabisa ya faili, akafunga faili na kulipiga kofi.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Kesho saa moja lori linaondoka. Kule kuna nyumba mia mbili. Umepumzisha magoti?" Akamwangalia vizuri. "Na huo mto umeuiba wapi?"

Rula akaangalia kwapani. Alikuwa ameondoka nao. Mto mdogo wa kiti, kitambaa cha maua, umeshonwa kwa mkono na mtu anayejua kushona, na katikati una doa la damu.

Akautazama. Akaenda bombani, akanawa mikono, akanawa uso, akalifikicha lile doa kwa sabuni mpaka likabaki kivuli. Mfuko wa vyombo akauacha kontena. Ilikuwa mara ya kwanza anatembea barabara zile bila kitu begani, na alijiona mwepesi vibaya, kama mtu aliyesahau nguo. Alipita hamsini na tano. Hamsini na sita, mtoto anaendesha baiskeli kwenye veranda. Hamsini na saba, hakuna mtu.

Hakuzunguka jikoni. Alipanda baraza la mbele, akasimama kwenye mlango wa kahawia. *Ya kwako ni ipi?* Hana. Alikuwa bado hana. Akajisemea, na iwe hivyohivyo, hana.

"Hodi."

Kimya.

Akausogeza mto kifuani. "Hodi humu ndani."

Pazia halikutikisika. Mtaa mzima ulikuwa na ule ukimya wa nyumba mpya, ambao hata mbwa hajaujua. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu mwenye adabu hugeuka akaenda zake, na lori linaondoka saa moja. Akaishikilia ile ya tatu kifuani kwa muda, maana baada yake hakuna nyingine.

"Hodi."

Mwanzo hakusikia kitu. Kisha, ndani kabisa, upande wa jikoni, nyayo. Nzito, za miguu inayouma. *Ti*. *Ti*. Akazifuata kwa masikio, kigae kwa kigae. Zilifika usawa wa kile kiti, zikasimama. Zikazunguka, taratibu, kuepuka kigae kibichi. Zikaja sebuleni. Na nyuma yake mlango wa chumba ukafunguka, nyayo nyingine, nyepesi, zikaja mbio zikasimama katikati.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mama.

"Fundi, si tumeshamaliza kazi?"

"Sikuja kwa kazi, mama." Akanyoosha mto kwa mikono miwili. "Na huu nimekurudishia. Usihame nao."

Mama akauangalia mto. Akaona doa lililofuliwa, bado linachuruzika maji kwenye baraza lake. Akamwangalia usoni, muda mrefu, kama anasoma kitambaa kabla hajakikata. Nyuma ya bega lake Darubini alikuwa amesimama bila viatu, mkono mdomoni.

Mama akaupokea mto. Akasogea pembeni, si sana, kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu.

"Vua viatu," akasema.